Neno Moja, Kazi Mbili

Mkulima akipewa agizo la Kiingereza lisemalo "dust the cabbages," yampasa kuinyunyizia kabichi yake dawa ya unga. Lakini karani akiambiwa "dust the table," yampasa kupangusa vumbi mezani. Neno ni lile lile "dust," ambalo asili yake ni jina, maana yake vumbi; huku latia, kule laondoa. Asiyejua jambo hili aweza kuipangusa kabichi yake, na wadudu wakaila yote.

Kugeuza jina kuwa kitendo ni desturi ya kale ya Waingereza. Zamani sana vitendo vyao vilikuwa na miisho ya kuvitambulisha. Miisho mingi ilipopotea, majina na vitendo vikafanana sura, na mahali pa neno katika sentensi pakawa ndipo paonyeshapo kazi yake. Shakespeare alithubutu hata kulifanya "uncle," yaani mjomba, kuwa kitendo. Kiswahili chafuata njia nyingine: hubadili mwisho wa neno, kama vile safi na safisha, fupi na fupisha, taifa na taifisha.

Wako wenyeji wa Kiingereza walioichukia desturi hii. Mwaka 1789 Benjamin Franklin wa Marekani alimwandikia Noah Webster, bingwa wa lugha, akilalamika kuwa watu wameanza kutumia "notice" na "progress" kama vitendo, akamsihi ayakemee matumizi hayo. Leo maneno hayo yamo katika barua za kila ofisi. Na mwaka 2006 hata "google," jina la kampuni, liliingizwa katika Kamusi ya Kiingereza ya Oxford kuwa kitendo.

Hata wakubwa hukwama. Winston Churchill alisimulia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili maofisa Waingereza walisema wataka "to table" hati fulani, yaani kuileta mezani ijadiliwe upesi. Wamarekani wakapinga, maana kwao neno hilo ni kuiweka kando. Wakabishana muda mrefu na kwa ukali, kumbe nia yao ilikuwa moja.

Basi msomaji asitafsiri neno peke yake. Na alitazame pamoja na majirani zake katika sentensi, tena aulize ni nani alitumiaye. Kuuliza si ujinga. Kupoteza shamba zima kwa neno moja ndiyo hasara.