Simu ya Mkononi na Dawa ya Ukimwi

Mtu mwenye virusi vya ukimwi, yaani sida kama tunavyosema huku kwetu, aweza leo kuishi miaka mingi, kulima, kuvua samaki, kulea watoto wake na kuona wajukuu. Dawa ipo. Humezwa kila siku, na kwa wagonjwa wengi ni kidonge kimoja tu. Lakini dawa hiyo ina sharti moja: isikatwe. Hapa twataka kueleza jinsi simu ya mkononi iwezavyo kumsaidia mgonjwa kulishika sharti hilo, na pia jinsi iwezavyo kumdhuru.

Kwanza tuelewe kwa nini dawa isikatwe. Dawa haiui virusi vyote mwilini. Huvizuia visizaane, na vile vinavyobaki hujificha. Mwenye shamba la muhogo aliyepalilia vizuri hasemi, "Magugu yamekwisha, sasa nauza jembe langu." Mizizi ingali chini. Vivyo hivyo mgonjwa akiacha dawa, baada ya majuma machache virusi huanza kuzaana tena. Na yule anayemeza leo na kuacha kesho hujitafutia hatari nyingine, maana virusi vyaweza kuizoea dawa hata isivishinde tena. Bali akimeza kila siku, virusi hupungua hata kipimo cha damu hakivioni, na akidumu katika hali hiyo hamwambukizi mwenzi wake katika tendo la ndoa. Ni habari njema kubwa, na bado watu wengi hawajaisikia.

Basi kwa nini watu huacha dawa? Wengine husema ni ujinga au uvivu. Sivyo. Mvuvi hukesha ziwani akitafuta ndagala, akarudi asubuhi amechoka, akalala. Mama hana nauli ya kwenda hospitali. Mwingine amepata kichefuchefu na hana wa kumwuliza. Mwingine anaogopa jirani asimwone akishika njia ya kwenda kuchukua dawa. Hata siku ya kurudi ikipita, mwuguzi huona tu kwamba kitabuni pana jina ambalo mwenyewe hakuja. Hajui kama ni mgonjwa, amesafiri, au amekufa.

Huko Kenya waganga walijaribu jambo dogo sana. Kuanzia mwaka 2007, katika zahanati tatu, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado, waliandikisha wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa. Wagonjwa 273 walipelekewa ujumbe katika simu mara moja kila juma. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu kabla ya siku mbili kupita: "Sawa," au "Shida." Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na mwuguzi. Asiyejibu alipigiwa pia. Wale 265 wengine walitunzwa kama kawaida, bila ujumbe. Baada ya mwaka mmoja, katika kila wagonjwa 100 waliopelekewa ujumbe, 62 walisema wameshika dawa zao vema. Upande wa pili walikuwa 50. Damu ikapimwa: virusi vilikuwa vimezuiwa kwa watu 57 katika kila 100, na kwa wale wasio na ujumbe 48. Daktari Richard Lester na wenzake waliitangaza habari hiyo mwaka 2010.

Tuangalie vizuri kazi hiyo ilitendwa na nini. Mtu atadhani ni kukumbushwa tu. Lakini ule ujumbe haukutaja dawa hata kidogo. Tena huko Yaoundé, Kameruni, wagonjwa 200 walifanyiwa jaribio kama hilo, ila ujumbe ulikuwa wa kuwatia moyo na kuwakumbusha. Mwaka 2012 waganga wakatangaza kwamba haukuonekana kuongeza kitu. Na huko Chulaimbo, magharibi ya Kenya, ujumbe wa kila juma ulisaidia, lakini ule wa kila siku haukusaidia. Kwa maoni yetu sababu si ngumu kuiona. Kengele inayolia kila siku husahauliwa kama jogoo wa jirani. Mtu anayekuuliza habari yako, akangoja jibu, na usipojibu akakutafuta, huyo husahauliki. Waliojibu "Shida" walikuwa wachache, kama mara 3 au 4 katika kila ujumbe 100, kwa hiyo mwuguzi hakulemewa. Hapakuhitajika mashine kubwa. Ilitosha simu ya hospitali, daftari la majina, na mwuguzi aliyepewa nafasi ya kufanya kazi hiyo.

Mwingine atauliza, "Je, siri yangu haitatoka?" Ni swali la haki. Nyumbani mwetu simu moja hushikwa na baba, na mama, na watoto wanaocheza nayo. Kwa hiyo ujumbe usitaje ugonjwa, wala dawa, wala jina la idara. "Habari ya juma?" yatosha, jirani akiisoma hataona kitu. Mwambie mwuguzi saa gani simu iko mkononi mwako, na kama mwingine ataipokea aseme nini. Ukibadili namba, mpe ile mpya. Asiye na simu asitoe namba ya ndugu ambaye hajamweleza hali yake.

Simu huleta uongo pia. Mwaka 2011 habari za kikombe cha dawa cha Loliondo, Tanzania, zilienea upesi kuvuka mipaka, na watu maelfu wakasafiri kwenda kunywa. Baadhi ya wenye virusi waliacha vidonge vyao kwa kuamini wamepona. Hawakuwa wamepona. Ukipata katika simu habari ya dawa mpya iondoayo ukimwi kabisa, mwulize kwanza mwuguzi wako, na siku hiyo meza kidonge chako kama jana.

Liko jambo la mwisho, nalo latuhusu sana sisi wa njia hii ya Uvira na Baraka. Watu wa Makobola hawahitaji kufundishwa maana ya kukimbia. Mwisho wa Desemba 1998 watu wengi waliuawa hapa, na waliosalia walikimbilia milimani na ng'ambo ya ziwa. Anayekimbia huacha kitabu chake hospitalini. Kwa hiyo ukianza kusikia habari mbaya, chukua chupa yako ya dawa pamoja na nguo za watoto. Namba ya mwuguzi ijue kwa moyo, maana simu yaweza kunyang'anywa njiani. Soma pia herufi zilizoandikwa juu ya chupa. Kwa wagonjwa wengi ni TDF, 3TC na DTG. Herufi hizo ni zile zile kila mahali. Mwuguzi wa kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, hata kama hajui Kifaransa, atazisoma kama anavyozisoma mwenzake wa Baraka, naye atajua ni kidonge gani akupe usiku huo.