Bosi Wako na Afya Yako

[Muziki wa kufungua, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Leo nazungumza na wewe unayefanya kazi chini ya mtu, na wewe mwenye watu chini yako.

Kabla sijaanza kutangaza, nilibeba matofali kwenye jengo moja hapa Kigali. Kapita wa kwanza alitutukana mbele ya watu. Aliyeumia alificha kidonda, akiogopa kufukuzwa. Mimi kila Jumapili jioni kichwa kiliniuma nikiwaza Jumatatu. Kisha akaja kapita mwingine. Matofali yaleyale, malipo yaleyale. Lakini asubuhi alitueleza kazi ya siku, alijua majina yetu, na mtu akiumia alimpumzisha. Kichwa kikaacha kuuma.

Kwa nini? Ukiishi kwa hofu, mwili hukaa kama unakimbia hatari. Moyo hudunda, usingizi hukatika, makosa huongezeka. Na sisi tuliokimbia vita, sauti ya kufoka huamsha mambo tuliyodhani tumeyaacha mpakani. Jioni hasira hiyo huwaangukia watoto nyumbani.

[Muziki mfupi]

MTANGAZAJI: Msikilizaji, sheria ipo. Sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66 ya mwaka 2018, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi. Inamkataza bosi kumsumbua kingono mtu aliye chini yake, na haikubali mtu afukuzwe kwa kuwa ameripoti jambo hilo.

Ukipata shida, andika tarehe, kilichotokea na walioona. Anza na wawakilishi wa wafakazi wenzako, kama wapo. Ikishindikana, nenda kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya. Usibaki nalo peke yako. Mwambie hata jirani unayemwamini.

Na wewe kapita, wewe mama mwenye duka na msichana wa kukusaidia, wewe kiongozi wa kikundi: kosa la mtu liseme naye pembeni. Mpe kazi inayoeleweka, mlipe siku mliyokubaliana, muulize ameamkaje. Haya hayakugharimu hata faranga moja zaidi.

Swali la leo la kujadili nyumbani: ni nani anayelala vibaya kwa sababu yako?

Hadi kipindi kijacho, tuwe salama.

[Muziki wa kufunga]