Kusadikika: kutoka gerezani bila kuvunja mlango

Wandugu wa chama, najua wengi wenu munapenda riwaya za vijana zenye gereza la ajabu. Mfano ni Incarceron ya Catherine Fisher, ya mwaka 2007: gereza lenye uhai, linalowaangalia wafungwa wake, na wengi wao walizaliwa humo, hata hawajui kama inje iko kweli. Unasoma mbio juu unataka kuona nani atatoka na ule ufunguo.

Kwa Kiswahili tuko na kitabu cha ukoo huo tangu 1951, na sisi wa Masisi na Walikale tunamaliza lisansi bila kukigusa, kwa sababu shule yetu imepita karibu yote kwa Kifaransa. Ni Kusadikika, ya Shaaban Robert wa Tanga. Aliitoa Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, na wasomaji wengi wanaona kwamba kwa mafumbo alikuwa anausema utawala ule.

Kusadikika ni nchi inayoning'inia angani. Kijana mmoja, Karama, anashitakiwa juu anafundisha watu elimu ya sheria. Mshitaki ni waziri, jina lake Majivuno (jina linatosha). Karama hakani wala haombi huruma. Anaanza kuhadisia baraza habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja alitumwa inje kuangalia namna wengine wanaishi, akapata taabu njiani, akarudi na mashauri mazuri. Zawadi yake ikawa kifungo.

Hapo ndipo mimi mtu wa kilimo nilisimama. Wale wajumbe ni watu wa misioni ya utafiti! Wametumwa na nchi yenyewe, wameleta ripoti, na ripoti ndiyo imewafunga. Sisi hatufungwi kwa ripoti juu ya mihogo yenye mozaiki. Inawekwa tu kwa kabati, na mwaka unaofuata tunatumwa tena kuandika ileile. Kwa hiyo gereza la Kusadikika si la ajabu kwa kuta zake. Linashika kwa sababu mtu aliyeona inje haruhusiwi kusema alichoona, na waliobaki wanasadiki kwamba hakuna cha kuona.

Basi wanatoka namna gani? Wengi huku tukisikia kutoka gerezani tunafikiri Kangbayi, pale Beni, Oktoba 2020: washambuliaji walivunja mlango, zaidi ya wafungwa 1,300 wakatoroka. Kwa Shaaban Robert hakuna anayetoroka. Karama anasema hadithi moja, ya pili, mpaka ya sita, na kila moja inafanya mashitaka yageuke aibu ya baraza lenyewe. Mwishoni mfalme anamwachilia, na wale waliofungwa pia wanafunguliwa. Wanapita mlangoni mchana, hakuna wa kuwakimbiza.

Kiswahili chake ni kizito kwa sikio letu, na wahusika wake wanahutubia kuliko kuongea, hilo nakubali. Kinachonisumbua zaidi ni kingine: Karama alibahatika kupata mfalme aliyekubali kukaa na kusikiliza mpaka hadithi ya sita. Angefanya nini kama mfalme angeinuka kwa ya kwanza, kitabu hakisemi.