Namba Kubwa Kortini: Inasema Nini Hasa?

Mnamo Novemba 1999, mahakama ya Chester nchini Uingereza ilimhukumu wakili Sally Clark kifungo cha maisha kwa kosa la kuwaua wanawe wawili wachanga. Wa kwanza alifariki Desemba 1996 akiwa na wiki 11, na wa pili Januari 1998 akiwa na wiki 8. Mama huyo alikana mashtaka tangu mwanzo.

Kesi ilikuwa na ushahidi mwingi wa madaktari, lakini kilichobaki vichwani mwa watu ni namba moja. Sir Roy Meadow, daktari mashuhuri wa watoto, aliieleza mahakama kwamba uwezekano wa watoto wawili wa familia kama hiyo kufa ghafla bila sababu kujulikana ni 1 kati ya milioni 73. Aliufananisha na mtu anayeweka dau kwa farasi asiyetarajiwa kushinda, na akashinda miaka minne mfululizo. Wakazi wanaocheza kamari wanajua jambo hilo lilivyo gumu.

Namba hiyo ilitoka wapi? Utafiti ulikuwa umekadiria kwamba katika familia isiyo na mvutaji sigara, yenye kipato, na mama aliyezidi miaka 26, kifo kimoja cha aina hiyo hutokea kwa mtoto 1 kati ya 8,543. Daktari akazidisha 8,543 kwa 8,543. Hesabu hiyo ni halali tu ikiwa kifo cha kwanza hakihusiani kabisa na cha pili. Ndugu wa tumbo moja hurithi damu moja na hulala nyumba moja, kwa hiyo kilichomdhuru wa kwanza kinaweza kumdhuru na wa pili.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuligundua, nalo hutokea mara nyingi hata nje ya korti. Wengi walisikia namba ile kana kwamba inasema uwezekano wa mama kuwa hana hatia ni 1 kati ya milioni 73. Haikusema hivyo. Ilikadiria jinsi vifo viwili vya ghafla vilivyo nadra. Lakini mama kuwaua wanawe wawili pia ni jambo nadra mno. Watoto walikuwa wamekwisha kufa. Swali lilikuwa lipi kati ya mambo hayo mawili nadra ndilo lililotukia, na namba ile haikulijibu.

Tuchukue mfano wa kubuni wa karibu na kwetu. Damu iliyoharibika kiasi inapatikana mahali palipovunjwa, na vipimo vya DNA vinaonyesha alama zinazopatikana kwa mtu 1 kati ya 10,000. Mshukiwa anazo. Je, ana hatia kwa asilimia 99.99? Mombasa ilihesabiwa watu 1,208,333 katika sensa ya 2019. Kati yao, takriban 120 wangekuwa na alama hizo hizo. Bila ushahidi mwingine, mshukiwa ni mmoja tu wa hao 120. Akionekana kwenye kamera usiku ule, au akipatikana na mali iliyoibwa, hapo ni kesi nyingine.

Oktoba 2001, Chama cha Kifalme cha Takwimu cha Uingereza kilitamka hadharani kwamba namba ya milioni 73 haikuwa na msingi. Januari 2003 Mahakama ya Rufaa ilimwachilia Bi Clark, hasa kwa sababu majibu ya maabara kuhusu bakteria katika mwili wa mtoto wa pili yalikuwa hayajafichuliwa kwa upande wa utetezi. Majaji waliikosoa pia namba ile. Alifariki mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 42.

Hapa Kenya uamuzi ni wa hakimu au jaji. Kifungo cha 48 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu maoni ya mtaalamu, nayo hupimwa pamoja na ushahidi mwingine. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kupinga ushahidi, hata ule wenye namba za kutisha. Muulize mtaalamu: namba hii imehesabiwa kwa kumlinganisha mtu huyu na nani?

Swali hilo lina uzito hata katika kesi za malezi na urithi. Ripoti ya DNA inayosema fulani ni baba kwa asilimia 99.99 kwa kawaida humlinganisha na mwanamume yeyote asiye wa ukoo wake. Ikiwa mwingine anayetajwa ni kaka yake, waambie maabara kabla ya kipimo, kwa maana hesabu hubadilika.

Mahakama haziko chini ya serikali ya kaunti, na ofisi yetu haitoi ushauri wa kesi. Asiyemudu wakili anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.