Historia kwa Vivuli

Mtoto akisikia habari za minyororo na viboko peke yake, atadhani watumwa walinyamaza tu. Sivyo. Huko Marekani, Harriet Tubman alitoroka utumwa Maryland mwaka 1849. Kisha akarudi mara 13 hivi, akawatoa watu kama 70. Walisafiri usiku, kwa hivyo habari yake yafaa sana kuonyeshwa kwa vivuli.

Sisi twashauri kikundi kifanye hivi:

1. Tungikeni shuka jeupe mlangoni, watazamaji wakae upande mmoja, wachezaji upande wa pili.

2. Kateni sanamu za watu, miti na mbwa kutoka kwa boksi kuukuu. Kila moja ifungwe kwa kijiti.

3. Washeni tochi nyuma ya sanamu. Koroboi msitumie, shuka litashika moto. Sanamu ikikaribia shuka, kivuli huwa wazi. Ikikaribia tochi, kivuli hukua. Hivyo mbwa wa wawindaji atatisha kweli!

Waacheni watoto wenyewe waseme maneno. Mwishoni waulizeni: kwa nini mama huyu alirudi, na yeye alikuwa amekwisha kuokoka? Msiwajibie haraka. Somo ni hapo.