Njia panda ya Tinde: Kodi ikibana, mzigo hubadili njia

WAFANYABIASHARA wa njia panda ya Tinde, mkoani Shinyanga, hawana haja ya kusubiri takwimu kutoka Dodoma ili kujua kodi mpya imepokewaje. Barabara inayotoka Nzega hugawanyika hapo. Mkono mmoja huelekea Shinyanga mjini na Mwanza, na mwingine huenda Isaka na Kahama, kisha mipaka ya Rwanda na Burundi. Malori yakipungua, mama lishe hujua siku hiyo hiyo. Fundi wa matairi hujua wiki hiyo, na mwenye nyumba ya kulala wageni hujua mwisho wa mwezi. Benki aliyokopa hujua baadaye kabisa.

Kwa sababu hiyo Tinde ni mahali pazuri pa kupimia mjadala ulioanza Novemba 2015, Serikali ya Awamu ya Tano chini ya Rais John Magufuli ilipoingia madarakani, na ambao haujaisha hadi leo: nani atozwe kodi, atozwe wapi, na fedha hizo zitumike kwa nini. Miaka iliyofuata ilitoa majibu kadhaa, na baadhi yake yaligharimu sana wafanyabiashara wadogo.

Mfuko ulivyopangwa

Bajeti ya kwanza kamili ya Serikali hiyo, ya mwaka 2016/17, ilikuwa ya Sh. trilioni 29.5, ikilinganishwa na Sh. trilioni 22.5 za mwaka uliotangulia. Asilimia 40 ya fedha hizo zilitengwa kwa ajili ya maendeleo. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, na mwanzoni ilihitaji Sh. bilioni 18.77 kila mwezi. Baadaye zikafuata ndege mpya za ATCL, reli ya kisasa ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Aprili 2017, na bwawa la umeme la Mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115.

Waliounga mkono walikuwa na hoja nzito. Walisema nchi imekula posho na safari kwa muda mrefu, na sasa fedha ya umma inaonekana kwa macho. Mzazi wa Tinde aliyekuwa akiuza mbuzi kila Januari ili kulipa ada hakuhitaji kuelezwa faida yake.

Waliokuwa na mashaka hawakupinga reli wala madarasa. Waliuliza fedha inapita wapi kabla ya kurudi mtaani. Mapema mwaka 2016 taasisi za umma ziliagizwa kuhamishia amana zao Benki Kuu, na mabenki ya biashara yakapoteza fedha zilizokuwa zikikopeshwa wateja. Sehemu kubwa ya malipo ya miradi mikubwa ilikwenda kwa makandarasi wa nje na mitambo iliyoagizwa ng'ambo. Mitaani ukazuka msemo wa "vyuma vimekaza". Benki Kuu nayo ilitambua ukata huo. Machi 2017 ilishusha riba inayotoza mabenki kutoka asilimia 16 hadi 12, na Agosti mwaka huo ikaishusha tena hadi asilimia 9.

Ama kuhusu upande wa mapato, makusanyo ya TRA, ambayo kabla ya hapo yalitajwa kuwa wastani wa Sh. bilioni 850 kwa mwezi, yalivuka Sh. trilioni 1.3 Desemba 2015. Lakini mzigo wa matumizi ulikuwa mkubwa kuliko ongezeko hilo, na watunga sera wakaanza kutafuta vyanzo vipya. Tinde ikaguswa pande zote mbili za njia panda yake.

Malori ya nchi jirani

Chanzo cha kwanza kilikuwa mizigo inayopita kwenda nchi za nje. Kuanzia Julai 1, 2016, huduma zinazoambatana na mizigo hiyo zilianza kutozwa VAT ya asilimia 18. Msimamo wa Serikali ulikuwa kwamba ni heri mizigo michache inayolipa kodi kuliko mingi isiyolipa.

Kwa mtu wa ofisini hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Kwa mwenye lori ilikuwa na tundu. Mfanyabiashara wa Lubumbashi, Kigali au Bujumbura hakulazimika kupitia Dar es Salaam. Aliweza kuangalia Mombasa, Beira au Durban, akalinganisha bei, akachagua. Kodi iliwekwa kwa mteja ambaye mlango wa kutokea ulikuwa wazi.

Mawakala wa forodha na wenye malori walilalamika mwaka mzima. Juni 8, 2017, Waziri wa Fedha, Dk. Philip Mpango, aliwasilisha bungeni bajeti iliyopendekeza kurejesha kiwango cha sifuri kwa huduma hizo, na Bunge likakubali. Kodi ilidumu miezi 12.

Miezi 12 si kitu kwa Hazina. Kwa aliyenunua lori kwa mkopo Mei 2016, ni marejesho 12 ya benki yasiyosubiri mjadala wa Bunge. Kwa mwenye kibanda cha chakula njiani, ni mtaji unaoliwa nyumbani. Sheria ilirekebishwa, lakini hasara ya mwaka ule haikurudishwa na mtu.

Dhahabu ya mfukoni na dhahabu ya kontena

Chanzo cha pili kilikuwa dhahabu, uti wa mgongo wa biashara kutoka Kahama hadi Geita. Sheria mpya za Julai 2017 zilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, ukiongezwa na ada ya ukaguzi ya asilimia 1.

Kwa mchimbaji mdogo hesabu haikuishia hapo. Kwenye karatasi, aliyeuza kihalali kabla ya mwaka 2019 alikabiliwa na mrabaha asilimia 6, ukaguzi asilimia 1, VAT asilimia 18, kodi ya zuio asilimia 5 na ushuru wa huduma wa halmashauri asilimia 0.3. Jumla ni asilimia 30.3. Dhahabu ya Sh. milioni 10 ilitakiwa kuacha Sh. 3,030,000 njiani, kabla ya kulipia mafuta ya pampu, baruti na vibarua.

Hakuna bidhaa rahisi kuhamisha kuliko dhahabu. Gunia la mpunga huonekana barabarani, lakini dhahabu ya milioni 10 huenea kwenye mfuko wa shati. Sehemu kubwa ilikwenda kwa wanunuzi wasio rasmi na kuvuka mipaka, na Serikali ikawa inapata asilimia 30 ya kitu isichokiona.

Januari 22, 2019, Rais Magufuli alikutana na wachimbaji wadogo Dar es Salaam, akawasikiliza. Bunge likafuta VAT na kodi ya zuio kwa wachimbaji hao mwezi uliofuata, kwa hati ya dharura. Machi 2019 soko la dhahabu la Geita likafunguliwa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, na masoko mengine yakafuata, Kahama ikiwemo. Sasa dhahabu ile ile ya milioni 10 iliacha Sh. 730,000, na muuzaji aliondoka na stakabadhi pamoja na fedha yake mkononi.

Makusanyo ya Wizara ya Madini yalipanda kutoka takriban Sh. bilioni 346 mwaka 2018/19 hadi takriban bilioni 528 mwaka 2019/20. Inafaa kuwa waangalifu hapa. Bei ya dhahabu duniani nayo ilipanda, kutoka chini ya dola 1,300 kwa wakia mwanzoni mwa 2019 hadi zaidi ya dola 2,000 Agosti 2020, na migodi mikubwa ndiyo hulipa sehemu kubwa ya mapato hayo. Hata hivyo, ni wazi kwamba kupunguza kodi ya mchimbaji mdogo hakukuitia Serikali njaa.

Kwa upande wa migodi mikubwa, hali ilikuwa tofauti. Mgodi hauwezi kufungasha virago ukaenda Msumbiji. Ndiyo maana Serikali ilipozuia usafirishaji wa makinikia Machi 2017, ilikuwa na nguvu ya kusubiri. Lakini mgodi unaoshindwa kuhama unaweza kuzima mitambo, na Bulyanhulu ilipunguza shughuli zake Septemba mwaka huo. Mwafaka na Barrick ulitiwa saini Januari 24, 2020. Kampuni ya Twiga iliundwa, Serikali ikapata hisa za asilimia 16, na malipo ya dola milioni 300 yakakubaliwa.

Wengi huuhesabu mwafaka huo kuwa ushindi, na wana sababu. Lakini kati ya Machi 2017 na Januari 2020 ni karibu miaka mitatu. Muuza nyama, mwenye daladala na mpangishaji wa vyumba waliotegemea mishahara ya mgodi hawakuwa na hisa katika Twiga.

Gunia, lita na kitambulisho

Si kila badiliko la kodi lilikwenda kombo. Bajeti ya 2017/18 ilishusha ushuru wa mazao wa halmashauri kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Aidha, mzigo usiozidi tani moja unaotoka wilaya moja kwenda nyingine uliachwa upite bila ushuru. Kwa mnunuzi mdogo wa mpunga, dengu au choroko, huo ulikuwa unafuu wa kweli. Halmashauri nazo zilipoteza mapato, na zililalamika kwamba zahanati na barabara za vijijini hazijengwi kwa unafuu.

Bajeti hiyo hiyo ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, badala yake ikaongeza Sh. 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Lori linalotumia lita 500 kwa safari hulipa Sh. 20,000 likiwa kazini, na likiharibika halilipi kitu. Kodi hii ni vigumu kuikwepa, kwa kuwa mafuta huingia nchini kwa milango michache. Ubaya wake ni kwamba hata asiyemiliki baiskeli aliilipa kupitia koroboi na nauli.

Desemba 2018 kikaja kitambulisho cha mjasiriamali mdogo mwenye mauzo yasiyozidi Sh. milioni 4 kwa mwaka, kwa Sh. 20,000. Wauza ndizi na mama lishe waliozoea kutozwa kila kukicha walikipokea, ingawa maeneo mengine wauzaji waliona wanasukumwa kununua ili viongozi watimize malengo yao.

Somo halikushika haraka

Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipokea nchi, na Julai 15 tozo ya miamala ya simu ikaanza, kati ya Sh. 10 na Sh. 10,000 kwa muamala. Serikali ilisema fedha hizo ni za vituo vya afya na madarasa. Lengo hilo lilieleweka. Lakini fedha ya simu hukimbia kuliko lori, maana inaweza kurudi kuwa noti mfukoni kwa dakika moja. Makelele yakawa makubwa, na tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwaka ule ule. Juni 2022 kiwango cha juu kikashushwa tena kutoka Sh. 7,000 hadi Sh. 4,000.

Serikali mbili, viongozi wawili wenye hulka tofauti, lakini mwenendo ni mmoja. Kodi inawekwa kwenye kitu kinachokimbia, kitu kinakimbia, mapato hayafiki yalikotarajiwa, kisha kodi inalegezwa.

La kuzingatia sokoni

Bajeti inaposomwa Juni, mfanyabiashara na mwekezaji mdogo afanye hesabu yake kwa maswali matatu. Kwanza, je, kinachotozwa kinaweza kuhama? Kama ni mizigo ya nje, dhahabu au fedha ya simu, biashara itapungua kwanza, na marekebisho yatakuja baadaye. Kama ni mafuta, kodi hiyo imekuja kukaa, na iingizwe kwenye bei mapema.

Pili, marekebisho yatachukua muda gani? Mizigo ya nje ilichukua mwaka mmoja, tozo ya simu miezi michache, na mgogoro wa makinikia karibu miaka mitatu. Mkopo mpya usichukuliwe kwa matumaini kwamba kodi itafutwa kabla ya rejesho la kwanza.

Tatu, fedha inayokusanywa inatumika karibu au mbali? Reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, yenye urefu wa kilometa 341, iliwekewa jiwe la msingi Juni 2021. Ujenzi huleta vibarua wanaokula na kulala. Reli ikishaanza kubeba makasha, huenda baadhi ya malori yasipite tena Tinde. Anayejenga vyumba vya wageni kando ya barabara leo afikirie pia wageni wa miaka 10 ijayo.

Serikali yoyote ina haki ya kukusanya, na wananchi wanaodai madarasa na maji hawawezi kukataa kuchangia. Kinachobishaniwa ni gharama ya kujaribu. Hadi sasa, kila kodi iliyojaribiwa na kurekebishwa imeiachia Hazina funzo, na imemwachia mfanyabiashara wa njia panda deni.