Mabano ya Lisp: njia ya mkato hadi lugha ya mashine

Ukimwonyesha mtu programu ya Lisp kwa mara ya kwanza, atakuuliza: haya mabano yote ya nini? Swali la haki kabisa. Jibu fupi ni kwamba mabano hayo yameshamfanyia kompaila sehemu kubwa ya kazi. Twende taratibu.

John McCarthy alianza kubuni Lisp pale MIT, Marekani, mwaka 1958. Ndani yake karibu kila kitu ni orodha: kinatangulia kitendo, vinafuata vya kutendewa. Hesabu ya 20 kutoa 3 mara 4 inaandikwa hivi:

(- 20 (* 3 4))

Huna haja ya kukumbuka kanuni ya shuleni kwamba kuzidisha hutangulia kutoa. Mabano ya ndani yanafanyiwa kazi kwanza, basi. Kwenye lugha nyingine, kompaila hulazimika kwanza kuchambua maandishi ili ijue nini kiko ndani ya nini. Hapa mwandishi ameshaionyesha.

Sasa njoo kwenye mashine. Yenyewe haijui orodha. Inajua amri ndogondogo zinazofuatana. Tuchukue mashine sahili inayohifadhi namba kwenye rundo, kama sahani zilizopangana jikoni: unaweka juu, unachukua kutoka juu. Kanuni ya kutafsiri ni hii tu: ukikuta namba, andika amri ya kuiweka, ukikuta orodha, tafsiri kwanza vilivyomo, kisha andika amri ya kitendo chake. Tunapata:

weka 20
weka 3
weka 4
zidisha
toa

Fuatilia kwa kidole. Zidisha inachukua 4 na 3, inarudisha 12. Toa inakuta 12 juu na 20 chini yake, jibu ni 8.

Hapo kwenye “toa” ndipo mimi nilipokwama. Kompaila yangu ya kwanza ilifaulu majaribio yote, nikalala kwa raha. Kesho yake nikaipa hesabu hiyo hapo juu, ikajibu -8. Kumbe namba inayochukuliwa kwanza ndiyo ya kulia, nami nilikuwa naifanya ya kushoto. Majaribio yangu yote yalikuwa ya kujumlisha na kuzidisha, ambako mpangilio haubadilishi jibu. Kosa lilijificha mchana kweupe.

Je, haya ni ya darasani tu? Hapana. WebAssembly, lugha ya kiwango cha chini inayoendeshwa na vivinjari na iliyopitishwa rasmi na W3C mwaka 2019, ina umbo la maandishi linalotumia mabano haya haya:

(i32.sub (i32.const 20)
  (i32.mul (i32.const 3) (i32.const 4)))

Mfano mwingine ni mchezo wa Jak and Daxter wa mwaka 2001, kwenye PlayStation 2. Studio ya Naughty Dog iliuandika karibu wote kwa GOAL, lugha ya jamii ya Lisp iliyobuniwa na Andy Gavin, na kompaila yake iliandikwa kwa Common Lisp. Mwandishi aliweza kuchanganya amri za asembli humo humo, tena akabadilisha sehemu ya programu huku mchezo unaendelea kwenye mashine.

Faida nyingine ni makro. Kwa kuwa programu ni orodha, programu nyingine inaweza kuitunga. Unaweza kuunda makro ya “rudia mara 4” inayonakili amri zako mara nne kabla ya kutafsiriwa, ili mashine isipoteze muda kuhesabu mizunguko.

Gharama zipo. Lugha ya kwako peke yako utaitunza peke yako, na kila mgeni kwenye timu lazima afundishwe upya. Naughty Dog wenyewe walihamia C++ walipofika PlayStation 3.

Hata hivyo, ukitaka kuelewa kompaila inavyofanya kazi, sijaona mlango mwepesi kuliko huu. Jaribu kwa Python au lugha yoyote unayoijua, jioni moja inatosha. Ila tafadhali, anza kujaribu kwa kutoa, siyo kwa kujumlisha.